Usimwimbie Tena Salhiya

Kwa Bi Tabia, nyuma ya msikiti,
Kikwajuni, Unguja.
Jumamosi, mwezi 11 Mfunguo Tano.

Mpendwa Mardhiya,

Huna akili. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitapoa, na sitaki kupoa. Mwanamke mzima, umezaa, umekwenda nchi za watu, halafu unachukua simu unamwambia baba wa mwanao kwa mdomo wako: "Akikataa kulala mchape kidogo, mama kamdekeza." Mama ndiye mimi. Jana nimekaa kwenye ofisi ya sheha, mbele ya wanaume watatu, Sabri kaiweka simu juu ya meza na sauti yako ikatoka, nyororo, kama unaagiza nazi dukani. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikatamani ikumeze wewe.

Haya, nshasema. Sasa salamu.

Asalaam aleikum mwanangu. Hujambo? Joto la Muscat halijambo? Nasikia huko mwezi huu hata kivuli kinachoma. Kichwa chako kinaendeleaje, bado kinagonga upande mmoja? Mimi nashukuru. Goti ni lile lile la siku zote. Meno yamepungua moja, nitakueleza. Barua hii anakuletea Bi Shahida wa Kwa Haji Tumbo, anakuja kumwangalia mwanawe aliyejifungua. Utashangaa kuona maandishi yangu badala ya kupigiwa simu. Simu sina imani nayo tena. Maneno ya simu unasema hukusikia, mtandao ulikatika. Karatasi iko mkononi mwako, haikatiki. Na kama mwandiko mbaya, vumilia, nimesoma kisomo cha watu wazima na chuo cha Kurani basi, lakini kila ninachotaka kukuambia nnaweza kukiandika.

Kwanza tuliza roho. Salhiya yuko kwangu. Yuko hai, anakula, asubuhi hii kamaliza bakuli zima la uji wa mchele na kaomba tena. Shika hilo moyoni wakati unasoma yaliyobaki.

Ijumaa ya wiki iliyopita Sabri alimleta, akasema anakwenda Dar kuchukua magodoro ya duka, atarudi Jumanne. Mimi nikafurahi. Tangu alipomchukua kwangu miezi mitano iliyopita, akisema mtoto wa mtu hakulii kwa bibi, na wewe ukamuunga mkono, nilikuwa namuona mjukuu wangu kwa dirisha la daladala tu. Siku ile alikuja na kigauni kirefu cha mikono mirefu, joto hili! Sikuuliza. Ujinga wangu wa kwanza huo.

Jumamosi baada ya kula mchana nikamwambia twende tukalale. Nikamlaza kitandani kwangu, nikachukua simu, nikaufungua wimbo wako, ule ulionitumia na mimi. Sauti yako ikaanza:

*Lala, Salhiya, lala,*
*mlango una mwenyewe,*
*upepo ubishe urudi,*
*mkono wa mtu usikuguse.*

Mardhiya, haukufika hata mstari wa pili. Mtoto alishuka kitandani kama aliyetiwa moto, akaingia uvunguni, akajikunja ukutani kule kwenye masanduku. Nikainama, na goti hili. Nikamuona kafumba macho kwa nguvu mpaka uso umekunjamana, mikono kichwani, na mkojo unamtoka. Anasema upesi upesi: "Nshalala, baba. Nshalala. Nshalala."

Nikauzima wimbo. Nikakaa chini kwenye sakafu, hapo hapo penye mkojo. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita mama, nikamwita bibi wa bibi. Hakutoka mpaka adhana ya alasiri.

Alipotoka nikamvua kigauni kumkosha. Sikuandikii yote niliyoyaona kwa sababu umo ndani ya nyumba ya watu na huko huwezi kupiga kelele. Nakuandikia haya tu: mapajani, mgongoni chini, na nyayoni. Nyayoni, Mardhiya! Mistari miembamba, mingine imekauka, mingine bado mibichi. Nikamwita Bi Bashira jirani aje ashuhudie, asije mtu akasema bikizee kaota. Bi Bashira alitazama mara moja, akatoka nje, nikamsikia anatapika kwenye mtaro.

Nikamuuliza mtoto, "Nani kakufanyia hivi?"

Akazikunja nyayo chini yake.

"Umekosa nini, mama?"

Kanambia, "Nlilala pole pole, bibi."

Basi kidogo kidogo, kwa siku mbili, huku nikimpaka mafuta ya nazi, ikatoka yote. Baba yake akishafunga duka pale Mwanakwerekwe anataka kwenda barazani kwa wenziwe kutazama mpira. Mtoto lazima alale kwanza. Anaweka simu juu ya kabati, anaufungua wimbo wako, anachomoa waya wa chaji, anakaa. Wimbo ukimalizika na macho ya mtoto yako wazi, waya unafanya kazi. Akilia, anapigwa kwa kulia. Kisha wimbo unaanza upya. Ndivyo sauti yako inavyofanya kazi kwenye nyumba ile. Inatangulia, na waya unafuata.

Muuza magodoro huyo. Mji mzima unalala juu ya bidhaa yake, na mwanawe anajifunza kulala kama mtu anayekimbia mbwa.

Na zile picha za video Sabri alizokuwa akikutumia? "Mama Salhiya angalia, sauti yako inamlaza dakika tatu tu." Ulifurahi ukanitumia. Mimi nilifurahi zaidi yako. Kwenye harusi ya Nadra nilizungusha simu kwa wanawake wote waliokaa mkekani: tazameni, wimbo wa mamangu, kutoka Makunduchi mpaka Muscat mpaka kwenye sikio la mjukuu wangu. Nikajisifu mpaka wakanichoka. Jumapili nimezitazama tena zile video, Bi Bashira kanishikia miwani. Mtoto aliyelala kope zake zinalegea. Za Salhiya zimebanwa kama ngumi. Zilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, tukaona usingizi kwa sababu tulitaka kuona usingizi.

Na hapa najisuta mwenyewe, sitaki useme nakuonea. Mimi ndiye niliyekwambia urekodi. Ulilia kwenye simu kwamba mtoto atakusahau, nikakwambia mwimbie, mtumie. Nilisahau alichonifunza mamangu. Maneno yale hayaimbwi kwa mbali. Huimbwa mkono ukiwa mgongoni kwa mtoto, na aliyeanza kuimba haondoki mpaka mtoto amelala, hata nyumba ikiungua. Ndiyo sababu yakaitwa maneno ya kulazia. Wewe uliyatuma bila mkono, Mardhiya. Sabri akayapatia mkono wake.

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Daktari, binti mdogo tu, alimpima, akaandika, akaandika tena, akanitazama akasema, "Bibi, huyu hatoki kwako." Nikamwambia, "Mwanangu, wewe andika. Kutoka atatoka juu ya maiti yangu." Karatasi yake ninayo, nimeitia ndani ya msahafu.

Jumanne ndiyo siku niliyopungua jino.

Nilikuwa uani natwanga kisamvu. Nikasikia, "Hodi!" na palepale mtu yuko ndani. Nikamwambia, "Hodi ya wapi hiyo isiyongoja karibu?"

"Mama, nimekuja kumchukua mwanangu."

"Shikamoo umeiacha Dar?"

"Mama, sina nafasi ya mizaha."

"Basi kaa uitafute."

Akapita. Hakunitazama hata machoni. Nikamfuata na mchi mkononi, sikuuchukua kwa makusudi, ndio niliokuwa nao. Salhiya kasikia sauti yake, keshaingia uvunguni. Sabri akapiga magoti, akatia mkono, akamshika mguu, akamvuta kama mtu anavuta gunia. Mtoto hakulia. Alikuja akiburuzwa sakafuni, macho kafumba, anasema, "Nshalala, baba."

Nikampiga. Mchi wa mpingo ule wa mamangu, unaujua uzito wake. Nilimpiga kwenye kiwiko cha mkono uliomshika mtoto, na ukalia sauti ya kuni kavu. Akamwachia. Akanigeukia, "We mchawi!" Nikampa wa pili begani. Akanisukuma kwa mkono mzima, nikaenda na mdomo kwenye kizingiti cha mlango. Jino likabaki pale. Lilikuwa bovu, kanipunguzia kazi. Nikainuka na damu kidevuni nikampa wa tatu, huo sijui ulimpata wapi, lakini alikaa chini.

Bi Bashira kaingia na ufagio wa chelewa, miaka sitini na tisa, haoni vizuri jioni, anapiga kila kinachosogea. Na mimi kanipiga. Anapiga kelele, "Toka! Toka, fisadi wa watoto!" Majirani wakajaa. Sabri katoka kashika mkono wake, mwanamme wa kilo tisini, analia machozi. Nikamwambia mbele ya mtaa mzima, "Lala sasa. Wimbo umekwisha, mbona hulali?"

Kiwiko kimepasuka, wanasema. Kanishitaki polisi. Nami nimemshitaki. Kila mtu ana karatasi yake. Usinihurumie na usinilaumu, mimi nimefanya kazi ya mlango. Mlango una mwenyewe.

Najua utakachosema. Nakujua, nimekuzaa. Utasema: mama nawe ulinipiga. Ni kweli, nilikupiga. Nilikupiga kwa ule mwiko ulipoiba pesa za chama za Bi Shahida, na nilikupiga ulipokwenda kuogelea kwenye mawimbi bila ruhusa, na mara moja nilikupiga bure, kwa hasira za baba yako, na hiyo moja ninaikumbuka kuliko zote, na kama bado inakuuma nisamehe, nimeandika, sitaandika mara mbili. Lakini ulipigwa mchana, ukajua kwa nini, na ukifika kitandani mikono yangu ilikuwa mikono mingine. Sikupata hata siku moja kukupiga ili ulale. Usingizi ni kama maji ya kunywa, hata adui humnyimi. Huyo kamtilia mtoto sumu ndani ya maji.

Sasa sikiliza jambo la ajabu, maana ndilo linalonitaabisha na kunichekesha.

Tangu Jumamosi ile Salhiya alikuwa halali. Anafumba macho anajifanya, lakini halali. Ukimsemesha kwa sauti ya pole anakakamaa. Ukimwambia "lala mama" anatetemeka. Nilisoma kila sura ninayoijua kwa sauti ya chini, ndio kwanza anazidi kubana kope. Nikaona kila neno laini duniani limeharibiwa. Siku ya nne macho yake yamekuwa mekundu kama ya mvuta bangi.

Jumatano mchana nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, mdomo umevimba, bega linauma, nikaanza kumtukana Sabri. Kwa sauti yangu ya kawaida, ile unayoijua, ya kusikika mpaka kwa wauza samaki. "Mbwa we. Mkono wako uoze, uote vidole vya miguu. Magodoro yako yaingie kunguni, kila mteja akurudishie usoni. Ulale macho wazi, upepo ukuingie kila tundu." Nikaona kitu kinasogea. Salhiya katoka uvunguni mwenyewe. Kaja kakaa karibu na mguu wangu, kaegemeza kichwa hapa pajani, karibu na meno ya mbuzi, nikaogopa kumkata. Nikaendelea kutukana. Alipiga miayo. Mardhiya, kope zikalegea, mdomo ukafunguka, mate yakamtoka, akakoroma.

Nikanyamaza kwa furaha. Akashituka! Nikaanza tena haraka. Sabri nikammaliza, nikahamia kwa paka wa Bi Bashira anayekojoa kwenye unga, kisha kwa muuza ndizi aliyeniuzia mbovu, juu kapanga nzuri, kisha kwa umeme unaokatika, kwa serikali ya mtaa, kwa goti langu. Nilitukana mpaka magharibi, na mtoto kalala kama gogo.

Nimelifikiria hilo. Kwenye nyumba ile sauti laini ilikuja na waya. Sauti yangu ya kufoka haikupata kumgusa, kwa hiyo ndiyo anayoiamini. Sasa kila siku namlaza kwa matusi. Yangu yameshakwisha, naazima ya Bi Bashira, naye ana hazina, alikulia bandarini. Wapita njia wanaona bikizee kachanganyikiwa. Na waone. Mwanamke mmoja jana kasimama dirishani kanambia, "Bi Tabia, mtoto anasikia!" Nikamjibu, "Ndiyo, na analala. Wewe wako analala?"

Sasa nirudi jana, maana ndiyo inayokuhusu wewe.

Baada ya sala ya Ijumaa sheha wetu, Mzee Kificho, alituita. Alikuwepo Sabri na mkono wake shingoni, na ami yake Mzee Hamid, kavaa kanzu imepigwa pasi kama anakwenda kuposa. Salhiya nilimwacha nje barazani na Bi Bashira.

Mzee Hamid akaanza kwa heshima nyingi. "Bi Tabia, sote wazee. Mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Mtoto ni wa baba yake. Hii ni aibu, tusiitandaze barabarani."

"Aibu ya nani?"

"Ya sote."

"Mimi sina. Yangu ni mapengo tu."

Sheha akasema, "Bibi, wapo wanaosema baba alikuwa akimtia adabu." Hapo ndipo Sabri akaitoa simu na kuiweka mezani. Akasema, "Mama yake mwenyewe kaniruhusu. Huyu bibi anapigana na nani?" Na ukasikika wewe. "Akikataa kulala mchape kidogo, mama kamdekeza." Akarudisha, ukasikika tena. Mzee Hamid akatikisa kichwa kama aliyeshinda bao. Sheha akanambia, si kwa ubaya, "Bi Tabia, mama mzazi yuko hai na kauli yake tumeisikia. Bibi huja baada ya mama. Kama mama karidhia, wewe huna pa kusimama."

Nikaitazama ile simu. Mimi, Tabia binti Pandu, mdomo nilikuwa nao, na wewe ndiye uliyeninyang'anya.

Nikasikia Bi Bashira nje anaita, "Yaillahi, njooni! Njooni muone!" Tukatoka sote. Salhiya kalala kwenye saruji ya baraza, chali, miguu kaibana, mikono kichwani, kope kazikaza. Dirisha lilikuwa wazi. Ilikuwa imemfikia sauti yako. Anasema, "Nshalala. Nshalala, baba, usiniamshe."

 Mzee Hamid alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Sheha akachutama karibu na mtoto, mkono kaunyoosha, kisha kaurudisha mwenyewe, akaogopa kumgusa. Akamwambia Sabri, "Nenda." Sabri akaanza, "Lakini Mzee Kificho, ile sauti..." Sheha akasema, "Nimekwambia nenda, kabla sijasahau kama mimi ni sheha."

Hapo mimi nikakaa chini pale barazani nikamtukana Sabri mgongoni kwa sauti yote niliyonayo mpaka mtoto akalegea na kufumbua macho. Ami yake alisikia kila neno. Na ajue.

Lakini usidhani imekwisha. Sheha kamwacha mtoto kwangu mpaka kwa kadhi tu. Shauri litasikilizwa Jumatatu ya mwezi 20. Kadhi hakuwepo barazani, hakumuona Salhiya amelala vile. Atawekewa ile simu, atakusikia wewe, na atauliza mama yuko wapi. Karatasi ya daktari ninayo, shahidi ninaye, lakini kauli yako imekaa juu ya vyote hivyo kama jiwe. Hakuna wa kuliondoa ila wewe. Usipoliondoa, Salhiya anarudi Mwanakwerekwe, na safari hii kuna mtu mwenye kiwiko kilichopasuka anayemngoja.

Na usiniletee uongo. Usiseme hukusema, usiseme Sabri kaitengeneza sauti kwa mitambo. Umesema. Utasimama mbele ya kadhi utasema: nilisema, nilikuwa mbali, nilikuwa mjinga, niliambiwa mwanangu mkaidi nikaamini, na leo kauli yangu naiondoa na mtoto akae kwa bibi yake. Kusema kweli kutakuchoma uso kidogo. Nyayo za mwanao zimechomwa zaidi.

Najua una mkataba, umebakisha miezi minane. Najua unawalaza mapacha wa watu hapo, unawaimbia na mkono wako uko mgongoni kwao, na kwamba yule bibi wa nyumba anakupenda kwa hilo. Sina ugomvi naye. Mwoneshe barua hii, msomee kwa Kiarabu. Mama yeyote akisikia habari ya nyayo atakufungulia kabati lenye paspoti. Akikataa, nenda ubalozini na miguu yako, andika kauli yako, watie muhuri, mpe Bi Shahida, yeye anarudi Ijumaa. Lakini hiyo karatasi iwe ya dharura tu. Mimi nakutaka wewe, mzima mzima.

Sabri akikupigia akilia, na atakulilia, ana machozi mepesi, usimjibu. Na zile nyimbo zote ulizorekodi zifute. Usimtumie hata moja tena, si kwake, si kwangu.

Kaka yako Miraji anakusalimu kutoka Makunduchi, anataka kuja mjini na panga, nimemkataza, nimemwambia mchi umetosha. Bi Bashira anakusalimu, anasema anadai shukurani kwa matusi yake. Nadra anakusalimu, tumbo limeshaonekana. Msalimie sana huyo binti wa Bi Shahida na kichanga chake, na mwambie amwimbie mwenyewe, asimwachie mtu.

Mungu akulinde njiani, akufungulie kila mlango uliofungwa, akujaalie ndege iliyotulia na rubani mwenye akili. Akusamehe, maana mimi nshakusamehe, ila usijisahau.

Basi mimi mama yako Tabia binti Pandu, nikupendaye kwa mdomo huu huu unaofoka, nakuamrisha: uwe Unguja kabla ya Jumatatu ya mwezi 20. Ukifika mlangoni kwangu usimwite Salhiya kwa sauti laini, na usimwimbie. Piga mlango kwa ngumi, unifokee mimi kwa nini nimechelewa kufungua, unitukane kama nilivyokufunza, kwa sauti yako yote, usinyamaze mpaka atoke uvunguni mwenyewe.